Mwalimu Anadaiwa Asichopewa: Uchovu wa Kazi katika Shule za Msingi za Kasulu na Kibondo

Kila mwaka Baraza la Mitihani (NECTA) likishatangaza matokeo ya Darasa la Saba, halmashauri zetu huitisha vikao vya tathmini. Shule zilizoshika mkia husomwa kwa majina, na walimu wakuu husimama mmoja mmoja kueleza kwa nini watoto wao wamefeli. Maelezo ni yale yale: utoro, wazazi wasiofuatilia, upungufu wa madawati, watoto kwenda mashambani. Swali moja halipewi nafasi katika vikao hivyo: mwalimu aliyewafundisha watoto hao ana hali gani? Ana watoto wangapi darasani, amesubiri kupandishwa daraja miaka mingapi, na bado anaamini kwamba kazi yake ina maana?

Nauliza nikiwa na wilaya mbili za Mkoa wa Kigoma akilini, Kasulu na Kibondo. Ni nyanda za juu za Buha, nchi ya mahindi, maharage, mihogo, migomba na kahawa, yenye watoto wengi na mvua ndefu. Mambo yanayomchosha mwalimu wa shule ya msingi mahali pengi Tanzania yanakutana huku kwa pamoja, na ujirani na mipaka ya Burundi na Kongo unaongeza ya kwake.

Hoja yangu ni hii. Mwalimu wa Kasulu au Kibondo hachoshwi na wingi wa watoto peke yake, wala na udogo wa mshahara peke yake. Anachoshwa na kudaiwa matokeo ya kazi ambayo nyenzo zake hakupewa, na anaowauliza kuhusu nyenzo hizo hawamjibu. Tusipoliona hilo, tutaendelea kumtibu kwa semina na barua za onyo, na mtoto wa Darasa la Pili ataendelea kulipa gharama.

Uchovu huu si uvivu

Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, aliyefanya kazi na watu wa kujitolea katika kliniki ya bure jijini New York, aliandika juu ya jambo lililomshangaza. Waliokuwa wakivunjika moyo na kushindwa kuendelea na kazi hawakuwa wazembe. Walikuwa wale waliojitoa kupita wenzao. Baada yake Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na mwenzake Susan Jackson, walitengeneza kipimo kilichochapishwa mwaka 1981 na ambacho hadi leo kinatumika kuwapima walimu, wauguzi na askari duniani kote. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliuweka uchovu wa kazi katika orodha yake mpya ya magonjwa na hali za kiafya, kwa maelezo kwamba si ugonjwa, ni hali inayozaliwa kazini pale msongo wa muda mrefu unapoachwa bila kushughulikiwa.

Dalili zake kuu ni tatu. Ya kwanza ni kuishiwa nguvu, uchovu ambao usingizi wa Jumamosi hauuondoi. Ya pili ni moyo kujitenga na kazi: mwalimu anaanza kuwaona watoto kama mzigo, anasema "hawa hawafundishiki", na kikao cha wazazi kinakuwa kero. Ya tatu ni kupoteza imani kwamba juhudi yake inaleta tofauti yoyote.

Aliyewahi kukaa katika ofisi ya walimu anazijua dalili hizi hata kama hajawahi kusikia jina la Maslach. Huyu ndiye mwalimu aliyekuwa akibaki saa tisa alasiri kuwasaidia watoto wasiojua kusoma, na sasa kengele ikilia ameshashika mkoba. Ndiye aliyekuwa akichora picha kwenye maboksi ili apate zana za kufundishia, na sasa anamwachia kiranja kitabu akiandike ubaoni, watoto wanakili.

Wapo walimu wavivu, kama walivyo wavivu katika kila kazi, na sheria za utumishi zinatosha kuwashughulikia. Tofauti yao na aliyechoka ni historia. Mvivu hakuwahi kuanza kwa ari; aliyechoka alianza nayo, ikaliwa. Kiongozi anayewachanganya wawili hawa humwadhibu mtu aliyeumia kazini kama aliyekataa kazi, na wenzake wanaotazama wanajifunza kwamba bidii haina mtetezi.

Hesabu ya darasa moja

Mara tatu taifa letu limefungua milango ya shule kwa watoto wengi kwa mkupuo. Novemba 1974 Azimio la Musoma liliagiza elimu ya msingi kwa wote ifikiwe ifikapo 1977, tukapata kizazi cha UPE na walimu waliofundishwa wakiwa kazini. Mwaka 2002, ada ikiwa imefutwa, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Januari 2016 ukaanza utekelezaji wa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 juu ya elimu bila malipo, na uandikishaji wa Darasa la Kwanza nchini ukaruka kutoka takriban milioni 1.5 hadi karibu milioni 2 ndani ya mwaka mmoja. Kila mara lilikuwa jambo jema na la haki. Na kila mara walimu walikuja nyuma ya watoto, kwa kuchelewa na kwa uchache.

Kiwango cha serikali kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa watoto 45. Kigoma ni miongoni mwa mikoa ambayo kwa miaka mingi imekuwa mbali na kiwango hicho, na ndani ya mkoa wastani huficha mengi: shule ya mjini Kasulu inaweza kukikaribia, wakati shule ya kata ya pembezoni ina walimu wanne kwa madarasa saba.

Tuchukue mfano wa Darasa la Kwanza lenye watoto 120, idadi ambayo hakuna mwalimu wa vijijini atakayeiona ngeni. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30. Ukizigawa sawasawa, kila mtoto anapata sekunde 15. Ndani ya sekunde hizo mwalimu amshike mkono aandike herufi, amsikilize akisoma silabi, amkosoe, ampongeze. Madaftari 120, hata akitumia nusu dakika kwa kila moja, ni saa nzima ya kusahihisha kwa somo moja, na siku moja ina masomo kadhaa. Bado hajaandika andalio la somo, hajajaza shajara, na wiki hii yuko zamu.

Kisha kuna lugha. Watoto wengi wa vijiji vya Buha huingia shuleni wakizungumza Kiha, na Kiswahili wanakikuta darasani. Mwalimu aliyepangiwa kituo kutoka Mbeya au Kilimanjaro anaanza kuwafundisha Kusoma, Kuandika na Kuhesabu watoto ambao hawaelewi anachosema, naye haelewi wanachomjibu. Mwalimu mwenye watoto 40 atapata njia kwa michezo, picha na mtoto mmoja mkalimani. Mwenye watoto 120 anabaki na kuitikisha darasa zima kwa pamoja. Wanaitikia kwa sauti kubwa, na hajui nani amejua na nani amefuata mkumbo.

Nyenzo je? Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, kiwango kinachotokana na dola 10 za wakati wa MMEM na ambacho thamani yake imeliwa na miaka. Katika utaratibu ulioanza 2016, shilingi 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu na shilingi 6,000 huteremka shuleni. Shule ya watoto 800 inapata kama shilingi 400,000 kwa mwezi. Hizo ni za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, michezo na utawala. Januari 2018 Rais John Magufuli alipopiga marufuku michango holela kwa shule za umma, alikuwa anawatetea wazazi maskini, na uonevu ulikuwepo kweli. Lakini katika shule nyingi pengo halikuzibwa na mtu mwingine. Lilizibwa na mfuko wa mwalimu: kalamu za watoto, nakala za majaribio, nauli ya kufuata mitihani wilayani.

Mwaka 2024 ukaja mtaala mpya, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Una mambo mazuri mengi, hasa msisitizo wa ujuzi. Ila kila mabadiliko ya mtaala, kwa mwalimu, ni vitabu vya kusubiri, maazimio ya kuandika upya na semina ya siku chache ambayo huenda mwakilishi mmoja wa shule. Na matokeo yanadaiwa mwaka ule ule.

Mahali penyewe

Tuseme ukweli kwanza kwa yaliyobadilika. Barabara kutoka Nyakanazi kupita Kakonko, Kibondo na Kasulu, ambayo zamani ilikuwa vumbi kiangazi, tope masika, na mabasi yakisindikizwa na polisi kwa hofu ya majambazi, sasa imewekewa lami kwa sehemu kubwa. Umeme wa gridi ya taifa umefika. Mradi wa BOOST umejenga madarasa na shule mpya.

Lakini darasa jipya halifundishi, na barabara kuu haipiti Kagera Nkanda wala Kitanga. Mwalimu mgeni akifika kijijini hukuta hakuna nyumba ya mwalimu, au ipo moja ya mwalimu mkuu. Anapanga chumba, anapanda bodaboda masika yote, anajifunza kusalimu "mwakeye". Ambaye mwenza wake yuko Arusha au Dodoma anaanza safari ya pili, ya kutafuta uhamisho. Tazama makundi ya WhatsApp ya walimu utakuta tangazo lile lile kila siku: "Natafuta wa kubadilishana naye. Nipo Kibondo DC, nataka Moshi, Arusha au Babati." Tatizo ni kwamba wanaotaka kutoka ni wengi kuliko wanaotaka kuingia. Mtu anayeishi kwa kusubiri kuondoka hawezi kulaumiwa sana akishindwa kupanda miti ya kivuli shuleni.

Na kuna historia ya kambi za wakimbizi. Tangu vita vya Burundi vya 1993, wilaya hizi zimepokea wakimbizi kwa mawimbi. Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mgogoro wa Burundi wa Aprili 2015 ulileta wimbi jipya, na Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa tena. Mtafiti Beth Elise Whitaker, aliyechunguza athari za wakimbizi kwa wenyeji wa magharibi mwa Tanzania miaka ya 1990, alionesha kwamba pamoja na faida za masoko na ajira, watumishi wa serikali walivutwa na mashirika ya misaada yaliyolipa vizuri zaidi. Mwalimu aliyebaki akafanya kazi ya wawili, huku akimwona aliyekuwa mwenzake akipita katika gari la shirika. Utafiti wa uchovu wa kazi unasema wazi kwamba mtu hapimi malipo yake kwa tumbo tu. Anayapima pia kwa kumtazama jirani.

Pale haki inapochelewa

Katika kitabu walichochapisha mwaka 1997, Maslach na Michael Leiter walitaja maeneo sita ambamo kazi inaweza kumvunja mtu: mzigo wenyewe, uwezo wa kuamua mambo ya kazi yako, malipo na shukrani, umoja wa wafanyakazi, haki, na maadili unayoyaamini. Nchini kwetu tunazungumza zaidi juu ya la kwanza na la tatu. Mimi naamini kinachomaliza walimu wa Kasulu na Kibondo kimejificha katika la pili na la tano: uamuzi na haki.

Sikiliza mazungumzo ya mapumziko ya saa nne.

"Madam, daraja lako limetoka?"

"Bado, mwalimu. Nimeambiwa nisubiri bajeti."

"Mwaka jana si uliambiwa hivyo hivyo?"

Katikati ya mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira na kupandisha madaraja ili kuwahakiki watumishi, na Aprili 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Uhakiki ulikuwa wa lazima. Lakini aliyekuwa na cheti halali alisimama foleni moja na mghushi, na nyongeza ya mwaka nayo ikakatika kwa miaka kadhaa. Walioajiriwa miaka tofauti wakajikuta daraja moja. Ndiyo maana baadaye serikali ya Rais Samia Suluhu Hassan ikaja na madaraja ya mserereko ili kuwarudisha waliocheleweshwa mahali pao, ikarejesha nyongeza ya mwaka, ikapandisha kima cha chini cha mshahara kwa asilimia 23.3 mwaka 2022 na kwa asilimia 35.1 kuanzia Julai 2025. Ni hatua za kweli na zinastahili kupongezwa. Hata hivyo miaka iliyopotea imeacha kovu: mwalimu amejifunza kwamba stahili yake inaweza kusimama bila yeye kukosa, na hakuna anayelazimika kumweleza kwa nini.

Kukosekana kwa haki kunazaa deni. Mwalimu anayesubiri malimbikizo, nauli ya likizo au fedha za uhamisho huku mtoto wake akitakiwa kuripoti shule, huenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Mikopo ya "kausha damu" imewafika walimu wengi, wengine hadi kadi ya benki ikakaa mikononi mwa mkopeshaji. Mshahara unaingia na kutoka siku hiyo hiyo. Mtu wa namna hii anasimama mbele ya darasa akiwa anahesabu kichwani, na hesabu yenyewe si ile iliyo ubaoni.

Halafu yapo makaratasi. Azimio la kazi, andalio la somo, shajara, ripoti ya zamu, takwimu za mahudhurio kwa afisa elimu kata, takwimu zile zile kwa wilaya kwa fomu nyingine, na sasa kujaza malengo na utekelezaji katika PEPMIS, mfumo wa kielektroniki uliochukua nafasi ya OPRAS, mara nyingi kwa simu na bando la mwalimu mwenyewe, mahali ambapo mtandao hupatikana ukipanda kilimani. Kila fomu ina sababu yake ukiitazama peke yake. Kwa pamoja zinamwambia mwalimu kwamba tunaiamini karatasi kuliko tunavyomwamini yeye.

Mwishoni mwa Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania (CWT) kiliitisha mgomo wa nchi nzima kikidai, pamoja na nyongeza ya mshahara, posho ya asilimia 30 kwa wanaofanya kazi katika mazingira magumu. Ndani ya siku chache Mahakama Kuu, Kitengo cha Kazi, iliuzuia. Kisheria jambo liliishia hapo. Kwa mwalimu wa pembezoni, swali la mazingira magumu liliingia ndani ya moyo na kukaa humo.

Anayelipa gharama

Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilipopima utoaji wa huduma katika shule za msingi za Tanzania kwa ziara za kushtukiza, ilikuta asilimia 14 ya walimu hawapo shuleni. Ukiongeza waliokuwepo shuleni lakini nje ya darasa walilotakiwa kufundisha, asilimia ilifika 47. Wengi walizitumia takwimu hizo kuwashutumu walimu. Mimi naziona kama kipimo cha homa. Mwalimu anayesafiri kilomita kadhaa kufika shuleni, anasaini daftari la mahudhurio, kisha anabaki chini ya mwembe, hajashindwa kufika kazini. Ameshindwa kuingia darasani. Sababu haiwezi kuwa moja kwa wote, lakini moyo kujitenga na kazi, ile dalili ya pili, una sura hiyo hasa.

Mwilini, walimu huzungumza juu ya presha, vidonda vya tumbo, maumivu ya kichwa na usingizi wa mang'amung'amu. Nyumbani hasira huwafikia watoto wao wenyewe. Wengine hukimbilia pombe, na kijiji kinachomwona mwalimu kilabuni saa sita mchana humwondolea heshima ambayo ilikuwa sehemu ya mwisho ya malipo yake.

Darasani, fimbo huchukua nafasi ya maneno. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinampa mamlaka mwalimu mkuu, au anayemteua kwa maandishi, na zinaweka ukomo wa viboko vinne. Mwalimu aliyechoka, peke yake mbele ya watoto 120, huzisahau kanuni hizo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Simtetei. Mtoto anayepigwa hana hatia ya upungufu wa walimu. Lakini ukitaka fimbo ipungue, anza kwa kuuliza ni nini kimebaki mkononi mwa mwalimu ukiiondoa.

Shuleni, wenye uzoefu huhama na wapya huingia. Anayeweza kuondoka anaondoka. Anayebaki anarithi vipindi vyake. Na juu ya yote, mtoto wa Kiha aliyeingia Darasa la Kwanza bila Kiswahili anafika Darasa la Tatu bila kusoma, anaanza kukaa nyuma, kisha anaonekana sokoni au shambani siku za shule. Katika kikao cha tathmini ataitwa mtoro.

Kisichotibu na kinachotibu

Mara nyingi jibu letu ni semina: wafundishwe kudhibiti msongo, kuvumilia, kuipenda kazi. Kambi ya Nyarugusu imetupa somo hapa. Kati ya 2018 na 2019 Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) na washirika wake walijaribu programu ya EmpaTeach katika shule 27 za kambi hiyo, ambako walimu wakimbizi hulipwa posho ndogo na madarasa yanafurika. Baadhi ya shule zilipata programu, nyingine zikasubiri. Walimu walikutana kwa vikundi, wakajifunza kutuliza hasira, kujitambua na kusimamia darasa bila fimbo. Ilikuwa kazi iliyofikiriwa vizuri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonesha ushahidi kwamba ukatili wa walimu kwa wanafunzi ulipungua. Nasoma hapo kwamba huwezi kumfundisha mtu kutulia halafu ukamrudisha katika darasa lile lile lisilotulizika, ukategemea utulivu udumu.

Somo la pili linatoka kwenye KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza lililofanyika mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10 nchini, na ambalo Isaac Mbiti na wenzake walichapisha matokeo yake mwaka 2019. Shule zilizopewa fedha za uendeshaji pekee, alama za watoto hazikupanda. Kwa walimu walioahidiwa motisha pekee, mafanikio yalikuwa hafifu. Shule zilizopata vyote viwili, watoto walijifunza zaidi kwa kiwango cha kuonekana. Sisemi kwamba bonasi ni dawa ya uchovu. Nasema kwamba nyenzo bila kuthaminiwa hazitoshi, na kuthaminiwa bila nyenzo hakutoshi. Vinakwenda pamoja.

Kwa hiyo yafanyike yapi? Yapo makubwa ya taifa: kuajiri walimu zaidi, wakati maelfu ya wahitimu wa ualimu wako mitaani au wanajitolea bila mshahara, kupandisha ruzuku ya mtoto, kujenga nyumba za walimu katika kata za mbali kabla ya kujenga jengo jingine la utawala. Lakini yapo yasiyohitaji Bunge, ambayo halmashauri za Kasulu na Kibondo zinaweza kuyaanza muhula ujao.

Kwanza, msawazo wa walimu ndani ya wilaya ufanyike kwa takwimu zilizobandikwa hadharani, ili kila mtu aone shule gani ya mjini ina ziada na ipi ya pembezoni ina pengo. Anayepelekwa mbali apewe muda maalumu, tuseme miaka minne, kisha awe na kipaumbele cha uhamisho. Mtu huvumilia zamu ngumu akijua mwisho wake.

Pili, madarasa ya Kwanza na Pili yapate walimu wa kutosha kabla ya Darasa la Saba. Shule nyingi hufanya kinyume kwa sababu ya mtihani. Mtoto anayejua kusoma akiwa Darasa la Pili hupunguza mzigo wa miaka mitano inayofuata.

Tatu, kila dai la mwalimu lijibiwe kwa maandishi ndani ya muda unaojulikana, hata kama jibu ni hapana. Tume ya Utumishi wa Walimu (TSC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ina ofisi wilayani. Kazi yake ya nidhamu inajulikana. Ijulikane sawasawa kwa kazi ya kuwapa walimu majibu.

Nne, takwimu moja iombwe mara moja. Ofisi ya kata, wilaya na mkoa wakubaliane juu ya fomu moja.

Tano, vikao vya Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambavyo tayari vipo katika ratiba za shule, vitenge nafasi ya walimu kusema kinachowaelemea na kugawana mzigo: nani amsaidie mwenye Darasa la Kwanza, nani apumzishwe zamu kwa kuwa ana mgonjwa nyumbani. Mwalimu mkuu anayejua kusema ahsante na kugawa zamu kwa haki hupunguza uchovu kuliko semina nyingi.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kutoka ofisini huona wepesi. Aliyeubeba ndiye anayejua kilo zake. Nawaomba wakurugenzi wa Kasulu na Kibondo, maafisa elimu, wathibiti ubora na madiwani: katika kikao kijacho cha tathmini, kabla ya kumwuliza mwalimu mkuu kwa nini watoto wamefeli, wekeni mezani idadi ya watoto kwa kila mwalimu wake, shilingi zilizofika shuleni kwake mwaka huo, na madai ya walimu wake ambayo hayajajibiwa. Halmashauri ikishajibu kwa sehemu yake, itakuwa na haki ya kumdai mwalimu naye ajibu kwa yake.